Koili Zilizorudi Safi

Mimi ni fundi wa kufunga upya mota. Mota ya posho mili, kinu cha kusaga unga, ikiungua, au ya pampu ya kisima, inaletwa kwangu Kitengela ikiwa imeviringishwa kwa gunia nyuma ya pikapu, na mwenyewe anashuka na uso wa mtu aliyefiwa. Naifungua, natoa waya wa zamani, na kabla sijafunga mpya nausoma ule ulioungua. Ndiyo, nausoma. Ulioungua pande zote sawasawa unasema ulifanyishwa kazi kupita nguvu zake. Ulioungua upande mmoja unasema stima ilikuja nusu. Wenye kutu na harufu ya matope unasema maji yaliingia. Wateja huja na hadithi zao, eti mota ilikufa tu yenyewe, hakuna mtu aliigusa. Huwa nawaacha wamalize, halafu nawaonyesha waya. Nilifundishwa hivyo na baba yangu huko Ukambani, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kuamini mdomo wa mtu kuliko waya wake.

Mume wangu nilimpata hapo hapo mlangoni. Alileta pampu iliyoungua kutoka kisima kimoja mbele ya Oltepesi, barabara ya Magadi, ambako yeye ndiye mwendesha pampu. Mrefu, mkimya, Mmaasai wa Bisil, sigara mkononi. Nilimwambia aizime kwa sababu hapa ndani kuna vanishi na mimi sina mpango wa kuchomeka pamoja na kazi za watu. Akaizima, akaomba msamaha, akatoka nje akawasha nyingine. Nilipofungua mota nikamwambia maji yaliingia. Wengine hapo ndipo huanza kubisha. Yeye akasema ni kweli, raba ya kuzuia maji ilikwisha, aliwaambia wanakamati wa kisima na hawakumsikia. Nikamwangalia mara ya pili. Sikuwa nimezoea mteja na waya kusema jambo moja, na sitajifanya hapa kwamba hilo halikunifanya nimpikie chai.

Tulipooana hakuna aliyehama. Karakana yangu iko Kitengela, na karakana haibebwi. Kisima chake kiko kule, na ng'ombe hawajui Jumapili. Alikuwa anakuja akipata mtu wa kumshikia pampu, analala, anakula muthokoi wangu, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, huku akiuliza nyama iko wapi, na kabla sijamzoea tena ameshaondoka. Huko simu haishiki mpaka upande kilima, kwa hivyo tulikuwa tunaongea Jumapili jioni, upepo ukimpiga kwenye simu, kila mtu akipiga kelele habari zisizo na maana. Watu hudhani unayemtamani sana ni yule aliyekufa au aliyekuacha. Mimi nilimtamani mtu aliye hai, anayenipenda, mwenye simu mfukoni, na nilimtamani mpaka nikawa nalikasirikia blanketi.

Halafu kikohozi chake kikabadilika. Kilikuwa cha asubuhi tu, kikawa cha siku nzima. Nilimburuta hospitalini Kajiado, akapigwa picha ya kifua, na daktari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo palikuwa pameanza kuharibika. Akasema sigara ziachwe zote, na ziachwe sasa, kwa sababu bado kuna kitu cha kuokoa. Kutoka hapo hatukurudi nyumbani. Tuliendelea mpaka Bisil kumwambia mama yake.

Mimi na mama mkwe tunaitana Paker. Siku nilipoletwa kama bibi harusi alinipa kondoo, na waliopeana kondoo huitana hivyo mpaka mmoja aingie kaburini. Alitusikiliza bila kuacha kutunga shanga. Mwanawe alipotoka nje kusalimia watu, aliniambia, "Baba yake alikufa akikohoa, mimi nikiangalia tu. Huyu, Paker, usiniletee hivyo."

Hakumwambia yeye. Aliniambia mimi, kama vile mapafu ya mtu mzima yanaweza kuwekwa kwenye mkoba wa mke wake. Nilitaka kubisha, lakini niliona mikono yake imesimama juu ya shanga, nikasema sawa.

Vepu, ile sigara ya betri, ilikuwa wazo la mume wangu. Aliona madereva wa malori ya magadi wakiivuta. Tulipomuuliza daktari hakuisifu hata kidogo, akasema hiyo nayo ni ya kuachwa, ila kama ndiyo itamtoa kwenye sigara, basi aanze na hapo. Tukanunua. Shida ilikuwa koili, kale kawaya kadogo ndani yake kanakopata moto na kugeuza juisi kuwa mvuke. Za dukani zilikuwa zinaungua upesi, kwa vumbi la kule na kwa jinsi alivyokuwa anavuta kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa. Na koili ikiungua, kioski cha kule hakiuzi koili. Kinauza sigara, moja moja. Niliona kabisa vile itaendelea. Nikasema basi, tutatafuta ile ya kufungwa kwa mkono, na koili nitafunga mwenyewe. Mimi nafunga mota zinazotoa maji chini kabisa ya ardhi, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele kitanishinda?

Kilinishinda. Kwanza nilichukua waya nilio nao tele, shaba ya mota, na hapo hapo nikajicheka. Shaba inapitisha umeme bila kuona shida, haipati moto wa maana, na betri ingejimaliza kwa hasira. Maisha yangu yote nilikuwa nimepigana na joto kwenye waya. Sasa nilikuwa naliita lije. Ilibidi nijifunze waya upya kama mwanagenzi, nikiwa na mvi.

Nilianza na kanthal, waya wa kijivu, mgumu, ukiukunja unabaki vile ulivyoukunja. Jumapili akaniambia anabonyeza halafu anangoja, na mtu aliyezoea kiberiti hajui kungoja. Nikaenda kwa nikromu, ambao ni laini na unashika moto mara moja. Akasema ladha yake inamuuma ulimi. Nikatafuta stenlesi mwembamba. Huo ulishika moto haraka na haukuwa na ladha yake yenyewe, na Jumapili hiyo aliongea juu ya ng'ombe wa watu tangu mwanzo mpaka simu ikakatika, na nikajua koili ni nzuri kwa sababu hakuitaja.

Unene pia una mambo yake. Waya mnene unatoa wingu kubwa na unakula betri. Betri haikuwa tatizo, kwa sababu pampu yake inatumia sola na mchana jua halina mwisho. Tatizo lilikuwa wachungaji. Wingu kubwa lilipotoka walimuuliza kama ndani ya tumbo kuna mtu anachoma mahindi. Alitaka moshi mdogo unaokwaruza koo kidogo, ukumbushe sigara bila kuwa sigara. Kwa hivyo waya mwembamba, mizunguko michache, tundu dogo.

Halafu mtindo wa kuzungusha. Mikono yangu ya mota ilitaka kubananisha, mzunguko juu ya mzunguko, pasipite hata unywele. Koili ya hivyo inapendeza, lakini katikati inapata moto kuliko mwisho, na juisi yenye sukari inaganda hapo kama sufuria ya uji. Ya kuachia nafasi kati ya mzunguko na mzunguko inapata moto sawasawa, ila nafasi lazima zilingane, na hapo ndipo unajua kama una subira au huna. Mimi sina. Nilitupa nyingi sana. Kuna pia za mapambo, waya mbili zilizosokotwa kama kamba, au waya mwembamba kama unywele uliozungushiwa juu ya mwingine, vile uzi mnene wa gitaa ulivyo. Ya gitaa nilimfungia Jumamosi moja, si kwa sababu aliihitaji, ni kwa sababu nilimtamani. Alisema ladha ya embe ya ile juisi ilikuja yote akahisi njaa. Lakini hiyo inachelewa na ni ngumu kusafisha, nikarudi kwa ile ya kawaida, stenlesi, nafasi nafasi.

Ukimaliza kufunga unaijaribu kavu, bila ile pamba ya kunyonya juisi. Unabonyeza kidogo kidogo, unaangalia. Koili nzuri inaanza kuwa nyekundu katikati na inaenea nje pande zote pamoja. Ikianza pembeni unaigusagusa kwa kibanio mpaka ikubali. Hapo ndipo nilikuwa namuona. Sijui kusema mambo matamu, kwetu hatukulelewa hivyo, na hata ningejua, nani anayasema kwa kupiga kelele kwenye upepo? Kumchagulia waya ndiko kulikuwa kuongea naye.

Paker alipoiona koili kiganjani mwangu alicheka, akaniuliza kama hiyo ni hereni ya panya. Akaingia ndani akaniletea waya wake wa shaba ya manjano, ule anaozungushia mapambo ya akina mama. Kwa heshima nikafunga mbele yake, nikaweka kwenye vepu ya majaribio. Ikakataa, kioo kikawakawaka. Nikamweleza kwamba huu ni ndugu wa shaba, hauuzuii umeme vya kutosha kupata moto. Aliumia kidogo. Akasema waya huo umekaa kwenye masikio ya mabibi harusi wangapi na hakuna hata mmoja aliyeukataa. Akaniambia nikae nao hata hivyo, nami nikautia kwenye droo.

Sasa kuna sheria moja ya karakana yangu: waya wa zamani unabaki kwangu. Huwezi kupewa kazi mpya bila mimi kuona ya zamani. Mume wangu nilimwekea sheria hiyo hiyo, lete iliyotumika upewe mpya. Dereva mmoja wa pikapu ya dawa za mifugo hupitia Isinya na Kiserian kwenda barabara ya Magadi kila wiki, na ndiye alikuwa tarishi wetu. Koili mpya ilienda na pamba yake ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka, na kikopo kikarudi na ya zamani.

Nikawa nazisoma. Ikija na ukoko mweusi mnene, najua alivuta kwa haraka, wiki ilikuwa mbaya, mifugo ilikuwa mingi na maji kidogo. Pamba ikiwa imeungua kahawia najua alichoka hata kuibadilisha. Mara moja ilikuja na vumbi jekundu ndani ya mizunguko, nikajua upepo ulimpata nje. Jumapili nikimwambia pole na kazi kabla hajasema neno, anauliza ni nani ameniambia. Nilikuwa naiweka koili chini ya lenzi na kuigeuza kwa kibanio, na kwa muda huo alikuwa karakanani na mimi.

Mvua ya masika ilipokuwa inaisha, kikopo kilirudi na koili inayong'aa. Pamba nyeupe, kama ilivyotoka kwangu. Nilidhani amekosea, amenirudishia mpya. Wiki iliyofuata, ikarudi safi tena. Na iliyofuata. Nikaiweka chini ya lenzi na kuitafuta hata alama moja, sikuona.

Koili isiyoungua inasema neno moja tu, haikutumiwa. Na mvutaji asiyetumia vepu anatumia nini? Jumapili nilimuuliza vepu inaendeleaje, akasema iko sawa. Nikamuuliza koili je. Akasema ni nzuri sana, ahsante. Nzuri sana! Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mdomo wake na waya kutosema jambo moja. Nilijaribu kusikiliza kama anakohoa, lakini upepo wa kile kilima ulifunika kila kitu. Jumatatu Paker akanipigia, kama mtu aliyeota, akauliza mwanawe anaendeleaje na kile kifua. Nikamwambia nitaenda kuangalia mwenyewe.

Nilifunga karakana, nikapanda pikapu ya yule dereva, katikati ya chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga ya kumuuliza kama amesahau ile picha ya kifua. Nilipanga ya kumuuliza nitamwambia nini mama yake. Baada ya Kiserian nchi inateremka na joto linapanda, na maneno yangu yakawa yanapanda nalo.

Tulifika ng'ombe wakiwa kwenye hori. Yeye alikuwa ameinama kwenye valvu. Alipogeuka akaniona, uso wake wote ulifunguka, na mimi sikumrudishia. Nilimwendea moja kwa moja nikamnusa, mbele ya wachungaji. Shingo, vidole, mdomo, vile ng'ombe anavyomnusa ndama kujua kama ni wake. Wachungaji wakageukia upande mwingine kwa adabu. Alinuka ng'ombe na sabuni ya kipande. Nikaingia chumbani kwake. Nilipekua mifuko ya koti, chini ya godoro, nyuma ya mitungi, juu ya ukuta pale bati linapokaa. Hakuna sigara, hakuna kiberiti, hakuna jivu. Vepu ilikuwa kwenye rafu, imetolewa betri, imeshika vumbi.

Nikatoka nikamuuliza amezificha wapi. Akauliza nini. Nikasema sigara.

Akasema hana. Akakaa kwenye jiwe, na kwa kuwa yeye si mtu wa maneno, ilimchukua muda kunieleza. Mvua zilipokaribia kuisha alisahau vepu ndani ya nyumba siku moja, akashinda na ng'ombe mpaka jioni. Kesho yake akaisahau tena. Siku nyingine akaikumbuka, akaitazama, akaona hana haja nayo. Kifua kilikuwa kimenyamaza. Alikuwa ameacha, yote, bila kumwambia mtu.

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza.

Aliangalia ng'ombe. "Ningesema, ungeacha kutuma."

Akaniambia siku ya pikapu huwa anaingoja barabarani tangu asubuhi. Anafungua kikopo hapo hapo na kuangalia ni waya gani nimemchagulia. Nafasi zikiwa pana anajua wiki yangu ilikuwa nzuri. Zikibanana anajua mteja fulani alinikasirisha. Ile ya gitaa alikaa nayo mkononi siku nzima kabla ya kuifunga. Hizi za mwisho hakuwa na kazi nazo, alikuwa anataka tu kukaa nazo, lakini sheria ilikuwa sheria, asiporudisha hapati nyingine. Basi anakaa na moja wiki nzima, halafu anairudisha ilivyo.

Nilimuuliza kwa nini hakuichoma hata kidogo, anipumbaze nisihangaike hivi.

"Wewe husoma waya," akasema. "Sikutaka waya ukudanganye."

Nilimpiga begani kwa ngumi, nikalia. Nililia kwa furaha ya kile kifua, na kwa hasira ya safari nzima, na zaidi kwa kuwa miezi yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu ninayesoma. Nilifikiri natuma koili na kupokea barua. Kumbe na yeye alikuwa anasubiri zake.

Tulipanda kilima tukampigia Paker. Mwanawe hakumweleza mengi. Alimwambia asikilize, akaiweka simu karibu na mdomo, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Mama mtu akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia tena. Halafu dereva akapiga honi huko chini, na ilikuwa lazima nishuke, kwa sababu mota za watu zilikuwa zinaningoja na ng'ombe walikuwa wanamngoja yeye. Kupona kwake hakukuleta kisima karibu na Kitengela. Nilikaa kwenye pikapu nikimwangalia mpaka kilima kikamziba, na usiku huo upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa vile vile.

Jumamosi nilifungua droo, nikakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida. Kanthal, nikromu, stenlesi, zote zilikuwepo. Lakini hapakuwa tena na betri ya kuhurumia, wala koo la kukwaruzwa, wala moto wa kuita, na fundi akikosa moto wa kufikiria hajui pa kuanzia. Nilijaribu moja, nikaiacha. Mwishowe nikatoa waya wa Paker, ule wa manjano. Niliuzungusha kwenye shingo ya bisibisi, pole pole, nafasi pana na zilizolingana, pana kiasi kwamba hata mtu asiyejua kusoma angeelewa. Sikuweka pamba. Nikafunika kikopo nikampa dereva.

Wiki iliyofuata alinipitishia kikopo dirishani bila kuzima gari. Nilikitikisa, sikusikia kitu. Nikakifungua. Kilikuwa kitupu; ile ya manjano hakuirudisha. Nilisimama nacho mlangoni, mteja mmoja akiniuliza mota yake itakuwa tayari lini, na ilibidi aulize tena.